Fundi Povu na Neno la Kwenye Kadi

Mdogo wangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Povu. Jina hilo lina sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake. Ana kopo kuukuu la maziwa ya unga ambamo hukoroga sabuni na maji, na brashi ndogo ya kupakia rangi, na kila bomba la shaba linaloingia mikononi mwake lazima alipake povu kabla hajafanya lolote jingine. Panapovuja gesi, povu linavimba. Sababu ya pili ni mdomo wake. Mwambie tu, "Fundi, friji yangu haina tatizo, ni gesi imeisha," uone atakavyokutolea povu.

"Gesi haiishi!" atakuambia. "Friji si jiko. Gesi yake inazunguka humo humo mpaka mzeeke wewe na friji yako. Kama haimo, imetoka. Na kama imetoka, pana tundu. Mimi nalitafuta tundu, sikuongezei gesi ikatoke tena."

Wateja wengine hukasirika wakabeba friji zao kwa mafundi wanaojaza gesi bila maswali. Baada ya miezi miwili wanarudi wamenywea, na Povu hawasemeshi neno. Anakoroga sabuni.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nashona sare za shule na mapazia, na kwetu wote tuna midomo, ila wangu ndio uliotangulia. Nasimulia habari zake kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake, na sehemu yenyewe si nzuri.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Friji zilizokufa zimesimama upande wa kushoto, milango yake imefungwa kwa kamba ili mtoto yeyote asije akajifungia ndani. Upande wa kulia kuna meza, mtungi wa gesi, kifaa cha kuchomelea, na rafu ya vikompresa, vile vipampu vya kusukuma gesi, ambavyo ameviandika kwa chaki: kizima, kigonjwa, marehemu. Saa mbili kamili asubuhi simu yake inalia. Hata awe amepiga magoti nyuma ya friji, anainuka, ananawa, anameza kidonge kwa maji ya chupa, anarudi kupiga magoti. Wateja wanadhani ni dawa ya presha, naye hajawahi kuwasahihisha.

Povu anaishi na virusi vya UKIMWI. Alijua miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya kukohoa miezi mitatu na kukonda mpaka mkanda wake ukaongezwa matundu. Alivipata wapi sijui, sikuuliza, na wewe usiniulize. Watu wakisikia jambo hili ndilo swali lao la kwanza, na sijaona lilipomponya mtu.

Aliniambia mimi peke yangu. Akaanza dawa, akanenepa, akafungua karakana, na kwa miaka mitatu hatukulitaja tena. Kisha siku moja akaja kibandani kwangu akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasema kuna mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alikuwa msusi. Ana chumba chenye vioo viwili na kifriji cha soda, na kifriji ndicho kilichowakutanisha. Povu alikuwa ameshamwambia hali yake. Alimwambia mapema, hata kabla hawajashikana mikono, na yule dada akasema apewe muda. Siku kumi na moja hakupiga simu. Ya kumi na mbili akaja karakana na chapati mbili, akasema, "Nimekwenda kuuliza kwa wanaojua. Tutatumia kinga, utameza dawa zako. Sasa niambie kama unanitaka au hunitaki."

Mimi kusikia hivyo, badala ya kumpongeza ndugu yangu, nilisimamisha cherehani nikamwambia maneno haya: "Oa, sikukatazi. Lakini usije ukamwua mtoto wa watu. Na habari ya kuzaa uifute kabisa kichwani. Utamwua mama na mtoto kwa pamoja."

Nilijiona nimesema la maana. Nieleweke: nimekulia wakati ambapo ugonjwa huu ulichorwa ukutani na fuvu la kichwa, na nilimzika rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Nilichojua nilikijua siku zile, na sikuwahi kuongeza kitu. Povu aliitikia, "Sawa, dada." Mimi nikaendelea na pindo la pazia, mchana tukala, mambo yakaisha. Kwa upande wangu yaliisha.

Wakaoana. Sijui kama kuna wifi mwingine duniani aliyependwa kama nilivyompenda huyu. Ana maneno mafupi na kicheko kirefu, na akinisuka hanivuti kichwa. Siku ya kwanza kuja kwangu kama mke alikagua kibanda changu chote akasema, "Wifi, vitambaa umevipanga vizuri, ila wewe mwenyewe nani atakupanga?" Nikajua nimepatikana.

Miaka sita ikapita. Dawa saa mbili, kinga kila mara, kliniki kila ilipobidi. Wifi alikuwa akipimwa na kutoka salama. Kila mtu aliwauliza mtoto yuko wapi, nao walijibu kwa kucheka, kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yangu. Kule saluni wanawake huja na watoto wachanga. Wakati mama anasukwa na msusi mwenzake, wifi yangu humpakata mtoto mpaka kazi iishe. Anajua kubembeleza kila aina ya kilio. Kichwa kikikamilika, mama anajitazama kwenye kioo, anasema ahsante, anamchukua mwanawe.

Alipotimiza miaka thelathini na sita akamwambia mumewe kwamba anataka mtoto. Waende wote kliniki wakaulize. Povu akaenda shingo upande.

Kilichotokea huko nilisimuliwa na wifi mwenyewe jioni ile ile, amesimama kibandani kwangu, mkoba bado uko begani.

"Daktari kafungua faili, kaangalia kipimo cha wingi wa virusi, kaandika kwenye kadi neno moja: Havionekani. Akasema, mkitaka mtoto, tafuteni mtoto. Wifi, mimi nilitaka kumkumbatia yule daktari. Huyu ndugu yako anauliza, 'Havionekani au havipo?'"

"Daktari akasemaje?"

"Akasema ukweli. Vipo, ila vimelala na ni vichache mno, mashine haivioni, na haviwezi kuniambukiza. Fundi alisikia pale mwanzo tu, pa 'vipo'. Akakunja kadi, akasema ahsante daktari, akatoka."

Kesho yake nilimfuata karakana kumpa pole, maana nilidhani anahitaji pole. Alikuwa akisugua bomba kwa msasa.

"Dada," akasema, "friji inayomwaga gesi waziwazi ni kazi ya dakika kumi. Unaisikia inapiga mluzi. Inayonitoa jasho ni ile ambayo tundu halionekani. Mwenyewe anakuambia ni nzuri, unaiwasha inagandisha, wiki ya tatu imekufa. Sasa mtu ananiambia havionekani, anataka nifurahi? Mimi miaka yote hii nakula mkate wangu kwa kutafuta visivyoonekana."

Mimi nikamkubalia kwa kichwa. Ndiyo, nilimkubalia. Nikamwambia amesema kweli, yule daktari ni mtoto wa juzi, asimsikilize.

Basi ikawa hivyo miezi mitatu. Ndani ya nyumba yao kulikuwa na adabu nyingi mno. Karibu, ahsante, umeshindaje, maji yako haya. Ukiona wanandoa wamefikia kushukuriana kwa maji ya kunawa, ujue pameharibika. Siku moja wifi akaja, akavuta kigoda, akakaa. Hakutania.

"Wifi, nakuambia wewe kwanza ili usije ukasikia pembeni. Nimempa ndugu yako mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo narudi kwetu."

"Kwa sababu ya ugonjwa? Si alikuambia tangu mwanzo?"

"Ugonjwa nilioa nao," akasema, akajisahihisha, "niliolewa nao. Sijawahi kuuogopa. Ninachokimbia ni woga wake. Daktari kasema inawezekana, nesi wa ushauri kasema inawezekana, mimi nimesema niko tayari. Yeye ananiangalia kama ninaomba sumu. Nimechoka kupakata watoto wa watu dakika kumi kumi."

Nikaanza kumtetea ndugu yangu. Nikasema anampenda, ndiyo maana hataki kumwua. Wifi akaniangalia sana.

"Hilo neno," akasema. "Kumwua. Kila tukizungumza analitoa hilo hilo. 'Siwezi kuua mtoto wa watu.' Nimemwuliza nani kamfundisha, hasemi."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu, nikaichomeka kwenye kitambaa nikaiacha hapo. Sikumwambia. Niliona aibu, nataka iandikwe hivyo. Nilichoweza kusema ni kwamba nami siamini hayo ya daktari. Wifi akasimama akanishika mkono, akasema, "Basi kesho funga kibanda. Twende ukasikie kwa masikio yako."

Chumba cha nesi wa ushauri kilikuwa kidogo, feni inazunguka inalialia, juu ya meza kuna mafaili yaliyofungwa kwa mpira na boksi la kondomu lililokatwa upande mmoja kwa wembe. Nesi mwenyewe ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa mguu mmoja kwa plasta ya hospitali. Wifi akanitambulisha: dada wa mume wangu. Nesi akacheka. "Mawifi mmekuja pamoja na hamjapigana? Karibuni."

Nikamwuliza bila kuzunguka. Nikasema, huyu baba ana virusi kwenye damu, damu yake ndiyo itakayomtengeneza mtoto, mtoto atasalimika vipi?

"Mama," akasema, "mtoto hapati virusi kwa baba. Mtoto huvipata kwa mama, kama mama anavyo: tumboni, wakati wa kujifungua, au kwenye ziwa. Na hata huyo mama akiwa anatumia dawa vizuri, wengi sana wanazaa watoto wazima. Huyu wifi yako hana. Akibaki hana, mtoto hana pa kuvitoa."

"Na yeye atabaki hana kwa vipi, wakiacha kinga?"

"Kwa dawa anazomeza mumewe. Zikimezwa kila siku, virusi vinalala na vinapungua mpaka havionekani kwenye kipimo. Vikiwa hapo, haviendi kwa mwenza. Sikuambii havionekani mara moja. Huyu bwana nimeangalia faili lake, ni miaka minane mfululizo. Maelfu ya wenza kama hawa wamefuatiliwa kwa miaka, hakuna aliyeambukizwa na mwenzake ambaye virusi vyake havionekani. Akiacha dawa, hapo ni habari nyingine, virusi vinaamka. Yeye ameacha lini?"

"Hajaacha hata siku moja," wifi akasema. "Huyo hata tukiwa msibani, saa mbili anatafuta maji."

"Hata tone moja haliwezi kupita?" nikauliza. Nilikuwa bado nang'ang'ania.

Nesi akavua miwani. "Mama, nani aliwaambia kwamba kuzaa ni kuua?"

Feni ikazunguka. Wifi akanitazama, akaona uso wangu, na nadhani ndipo alipojua. Nikasema, "Mimi. Mimi ndiye niliyemwambia, siku aliyokuja kuniambia anaoa." Nikalia mbele yao kama mtoto aliyevunja sahani. Wifi hakunibembeleza, na alifanya sawa. Akaniambia, "Wewe ulimwingizia neno hilo, wewe utamtolea."

Nilikwenda karakana moja kwa moja, hata kibanda sikufungua. Povu alikuwa na friji ya duka la dawa mezani, ameifunga geji ya kupimia shinikizo kwenye bomba. Alikuwa ameijaza hewa kwa nguvu, amepaka povu kila kiungo, ameinama anaangalia. Nikasimama mlangoni nikamwambia nimetoka kliniki na mkewe. Nikamwambia nilichomwambia miaka ile hakikuwa kweli, nilikisema kwa ujinga na kwa hofu, na ninamwomba radhi.

Hakuinua kichwa. "Ulikuwa unashona pazia la kijani," akasema. "Ulikanyaga cherehani, ukasimamisha, ukasema. Kisha ukaendelea kushona."

"Ndiyo."

"Miaka sita, dada. Kila nikimgusa mke wangu nakusikia."

Akainua kichwa akaniangalia. Wakati mwingine radhi ni kusimama tu ukae unaangaliwa. Mwishowe, kwa kutaka tu kusema kitu, nikamweleza aliyosema nesi, na kwa kuwa mimi si mtaalamu niliyachanganya, nikatanguliza ya ziwa kabla ya ya damu, na yeye akapandisha hasira.

"Umeona kwa macho?"

"Nimeelezwa."

"Umeelezwa! Kila mtu anaelezwa! Havionekani, havionekani, mimi nimechoka na neno hilo. Kisichoonekana si kwamba hakiko!"

Na mimi, kweli nakuambia sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nimechoka na ninatafuta pa kuelekeza macho. Nikaangalia lile bomba lililopakwa sabuni, nikauliza, "Sasa hii yako umeipaka povu, sioni kinachovimba. Utajuaje kama inavuja au haivuji?"

"Jamani dada! Si unaona geji?" Alikuwa anafoka. "Nimeijaza tangu jana asubuhi. Sindano yake imelala palepale. Povu la kuvimba halionekani popote. Povu halionekani maana yake haivuji! Inakwenda kwa mwenyewe, inatunza chanjo za watoto! Unataka nini zaidi?"

Akanyamaza.

Sikuelewa mara moja, nilidhani ameishiwa pumzi. Alikuwa ameshika brashi, maji ya sabuni yanadondokea kiatu chake. Akaitazama geji, akanitazama mimi, akaitazama tena geji. Kisha akaketi juu ya kikompresa kimoja kilichoandikwa marehemu.

"Miaka minane?" akauliza.

"Nesi kasema minane, mfululizo."

"Mimi hii naiachia siku moja tu," akasema. "Siku moja, na ninaweka saini."

Usidhani alibadilika hapo hapo. Povu haamini kitu kwa kusikia, hata akiwa amekisema mwenyewe. Alikwenda kliniki peke yake, akamwomba nesi amwonyeshe majibu yote, moja moja, na tarehe zake. Nesi akampangia kwenye meza kama karata. Akataka apimwe upya. Akapimwa. Akasubiri wiki tatu huku akivunja friji za watu kwa mikono mizito, na majibu yalipokuja yalikuwa yale yale. Akauliza mashine yenyewe husahihishwa kila baada ya muda gani, na nani huisahihisha. Nesi akanipigia simu kuniuliza, "Huyu ndugu yako ni fundi au ni mkaguzi?" Nikamwambia ni vyote.

Wifi naye akaanza kumeza vidonge vya kujikinga. Nesi alisema kwa hali ya mumewe si lazima, lakini havina madhara kwa mimba, na kama vitamtuliza huyu bwana basi avimeze. Wakapimwa magonjwa mengine, wakafundishwa kuhesabu siku zenye rutuba. Yaliyofuata si ya dada wa mume kusimuliwa, na mimi sikuuliza. Niliona tu kwamba ile adabu ya kushukuriana imekwisha. Siku moja niliwakuta wanagombana kwa kelele kuhusu taulo, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu, wa pili hakuna, wa tatu hakuna. Mwezi wa tano wifi akaja kibandani, akasimama mbele ya kioo changu, akageuka ubavu. "Wifi, pima kiuno," akasema. Nikashika utepe, nikashindwa kusoma namba.

Mimba ilikuwa njema. Aliyeibeba kwa shida ni Povu. Kila mara mkewe alipopimwa, yeye aliketi kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Mke akitoka akisema "Safi," ndipo anavuta pumzi. Tumbo hakuligusa. Mtoto akicheza, wifi alimwita aje aweke mkono, naye husema ana grisi. Nguo za mtoto tulinunua mimi na wifi. Yeye alichonga kitanda, kizuri kweli, akakiacha karakana, amekifunika turubai. Alisema bado rangi haijakauka, kwa muda wa miezi miwili.

Nilimwuliza mara moja anaogopa nini wakati kila kipimo ni safi. Akaniambia, "Dada, nikizoea halafu ikawa sivyo, nitafanyaje?" Hilo nililielewa, nikamwacha.

Mwezi wa nane wa mimba ikaja siku ambayo mpaka leo siipendi. Tulikwenda watatu. Nesi akamtoboa wifi kidole, akaweka tone kwenye kijikaratasi cha kupimia, tukasubiri. Siku hiyo Povu aliingia ndani, sijui kwa nini, pengine alianza kupata moyo. Dakika zikaisha. Nesi akainama, akakunja uso, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hiki sikikubali."

Povu akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kaa, baba, kaa," nesi akasema haraka. "Sijasema ana. Mstari wa juu, ule unaoonyesha kipimo chenyewe ni kizima, haukutokea. Kipimo ndicho kibovu. Tunarudia."

Alirudia mbele yetu, akafungua pakiti mpya, akatuonyesha tarehe yake. Robo saa nzima wifi alishika mkono wa mumewe, na yeye aliangalia kijikaratasi kama anavyoangalia kiungo alichokichomelea. Mstari wa juu ukatokea, mwekundu. Chini hapakutokea kitu. Tulisubiri mpaka muda ukaisha, nesi akasubiri na dakika moja zaidi kwa ajili yake.

"Hana," akasema.

Povu akatoka nje, akazunguka nyuma ya tangi la maji, akatapika. Nilimpelekea maji ya kusukutua. Akaniambia nisimwambie mke wake, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa.

Wiki tano baadaye uchungu ukaanza alfajiri. Tulifika hospitali kabla jua halijapanda. Wifi aliingia akitukana kwa sauti, jambo lililonitia moyo, maana mwenye nguvu za kutukana ana nguvu za kuzaa. Walimpima tena, wakamkuta salama. Mimi na Povu tukabaki ukumbini pamoja na watu wengine watano au sita, wanaume wanaotazama simu na mabibi wenye mifuko. Saa mbili simu yake ikalia, akameza kidonge chake, akarudi kusimama palepale pembeni, mgongo umegusa ukuta. Nilimwambia akae. Akasema anaona vizuri akiwa amesimama. Hapakuwa na cha kuona zaidi ya mlango.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Akatoka mkunga, msichana mfupi mwenye viatu vya mpira, amepakata kitu kilichofungwa kanga ya kwetu, ile niliyoikunja mwenyewe. Nikasikia sauti ndogo yenye hasira. Mkunga akataja jina la wifi yangu, akasema mama yuko salama, mtoto wa kike ni mzima. Kisha akatupa macho ukumbini, akauliza, "Baba yake ni nani hapa?"

Povu akageuka nyuma kumwangalia huyo anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Aliutazama ule ukuta kitambo, na nilipoona mabega yake yanaanza kutikisika nikamsogelea. Nikamshika mgongoni nikamsukuma taratibu.

"Nenda," nikasema. "Ni wewe."

Akaenda. Alifika mbele ya yule mkunga akasimama na mikono imening'inia, akauliza, "Nimshikeje?"

"Kama mtoto wako," mkunga akasema, akamwekea mikononi.